Kadi Safi, Kadi Fifi

Mayala alikuwa amepima pamba kwa miaka ishirini na miwili, na katika miaka hiyo yote mizani yake haikumpendelea hata shemeji yake. Hilo ndilo jambo la kwanza analopaswa kulijua yeyote anayetaka kuelewa jinsi kompyuta ilivyofuka moshi Somanda mchana kweupe, mbele ya katekista.

Alikuwa karani wa chama cha ushirika enzi zile pamba ilipokuwa na mnunuzi mmoja na gredi mbili. Nyeupe, kavu, isiyo na jani wala kokwa: hiyo ni safi. Iliyofubaa na kuliwa na wadudu: hiyo ni fifi. Mtoto wa Bariadi alijua kuzitenganisha kabla hajajua kufunga vifungo vya shati. Kisha soko likafunguliwa. Wakaja wanunuzi binafsi na magari yao, kila mmoja na mizani yake, wakanunua safi na fifi kwa bei moja. Wakulima, ambao si wajinga, wakaacha kuchambua. Walipokwisha kuacha kuchambua wakaanza kunyunyiza maji. Baada ya maji ukafuata mchanga. Siku moja Mayala alifungua gunia kutoka Mwandoya akakuta jiwe la kusagia limelala katikati ya pamba kama mtoto mchanga. Mwenye gunia aliapa kwamba jiwe liliingia lenyewe.

Mayala akaacha kazi. Aliondoka na mizani ndogo ya dukani, mawe yake ya shaba, na heshima. Na kwa kuwa soko lilikuwa limefunguliwa kwa kila kitu, akanunua kompyuta.

Aliiweka katika banda la mabati hapo Somanda, mjini Bariadi, akapanga mabenchi matatu, akatoboa tundu la kupitishia waya wa jenereta, akaandika mlangoni: MAYALA GEMU. Vijana wakaja kucheza mpira kwenye kioo. Mkewe, Milembe, ambaye watu walimwita Mama Kija, alianza kwa kuwaletea vijana maji ya kunywa. Wiki ya pili akashika pedi ya kuchezea ili aone ina uzito gani. Wiki ya tatu hakukuwa na kijana Bariadi nzima aliyeweza kumfunga.

Mambo yangekwenda vizuri kama si Luhaga.

Luhaga alifungua banda la gemu ng'ambo ya barabara, mlango ukitazamana na mlango. Si kwamba alipenda kompyuta. Alimpenda Mayala, kwa namna ile ambayo kupe humpenda ng'ombe. Ujanani Mayala alicheza ngoma upande wa Bagika na Luhaga upande wa Bagalu, na mashindano ya vyama hivyo viwili vya ngoma yanajulikana: ngoma mbili zinapigwa uwanja mmoja, wakati mmoja, zikitazamana, na watu wako huru kwenda watakako. Jua likizama, mwenye umati mkubwa ndiye mshindi. Mmoja anacheza na chatu, mwingine anakula moto, mwingine anasimama juu ya kichwa cha baba mkwe wake, yote sawa. Umati hauulizwi umefuata nini. Wazee hao wawili walikuwa wameshindana mara kumi na tisa, na kila mmoja alidai kushinda kumi na mbili.

Sasa magoti yalikuwa yamekwisha, lakini mabishano bado. Katika msimu wa pamba wa mwaka 2004, mbele ya Januarius katekista, wakawekeana ahadi. Jumapili baada ya misa ya pili kila mtu atafungua banda lake. Umati utahesabiwa jua likizama. Atakayeshindwa atafunga banda maisha yake yote na kompyuta yake itavuka barabara.

Mayala alikubali kwanza, ndipo akakumbuka tatizo. Wachezaji wake hawakuwa na nyuso.

Gemu jipya la mpira lilikuwa limekuja na kompyuta yake ililibeba kwa shida, kama punda aliyepewa shehena ya lori. Wachezaji kumi na mmoja walitoka uwanjani wakiwa na jezi, viatu, na pale penye uso, ngozi tupu kama kiazi kilichomenywa. Mtoto mmoja kutoka Zagayu alilia mpaka akapelekwa nyumbani.

"Ni kadi ya picha," alisema Thomasi, fundi aliyekuja kutoka Mwanza kwa basi la Lamadi siku tatu kabla ya shindano, begi lake likiwa limejaa vipuri. "Iliyomo ni ya zamani. Haiwezi kuchora nyuso."

Alifungua fulana mbili alizofungia vipuri, juu ya meza ya Mayala. Katika fulana ya kwanza kulikuwa na kadi ndogo, ya kijani, nyembamba kama biskuti. Katika ya pili kulikuwa na kadi pana, nyekundu, na juu yake bonge la shaba lenye mapezi kama ya sato, na juu ya mapezi feni.

"Hii ndogo ni ya bei ya mwananchi," alisema Thomasi. "Inaleta nyuso, na majani ya uwanja yanaonekana kama zulia. Hii kubwa ndiye mkubwa wao. Hakuna iliyo juu yake. Inaleta nyuso, jasho usoni, kivuli cha jasho, na majani ya uwanja unaona jani mojamoja."

"Nani anacheza mpira huku akitazama jani mojamoja?" aliuliza Milembe. "Ng'ombe?"

"Mama Kija, ni ubora."

"Bei?"

Thomasi akataja. Ndogo ilikuwa sawa na mbuzi watatu. Kubwa ilikuwa sawa na maksai wawili, na mmoja wao awe amekwisha kufundishwa jembe.

"Chukua ndogo," Milembe alimwambia mumewe. "Nyuso zinatosha. Mimi nawafunga hata wakiwa viazi."

Lakini Mayala hakuwa mtu wa kuamua kwa maneno. Aliingia ndani, akatoka na mizani, akaifuta vumbi kwa mkono wa shati, akaitazama mpaka ikatulia.

"Mzee," alisema Thomasi taratibu, "hizi hazipimwi."

"Kila kitu kinapimwa, mwanangu. Visivyopimwa ni neema ya Mungu tu, na hiyo huwa hawaiuzi."

Kadi ndogo ilipimwa: haikufika hata robo ya kilo. Kadi kubwa ilipimwa: ikazidi nusu kilo, sahani ikagonga meza. Uso wa Mayala ulichanua. Kisha, polepole, ukakunjamana. Alikuwa ameuona uzito wa namna hiyo mara nyingi. Akaiinua kadi, akaizungusha, akainusa, akaligonga lile bonge la shaba kwa ukucha.

"Thomasi."

"Naam, mzee."

"Hiki ni nini?"

"Hicho ni chuma cha kupoza. Kadi inapata joto, chuma kinanyonya, feni inapuliza."

"Kinachora nyuso?"

"Hapana, mzee."

"Kinachora majani?"

"Hakichori kitu. Kinapoza."

Mayala akakaa kitini kama hakimu. "Miaka ishirini na miwili," alisema. "Wameniwekea mchanga. Wameniwekea maji. Mmoja aliniwekea jiwe la kusagia na akaniangalia machoni. Wote walikuwa na maelezo. Aliyeweka mchanga alisema ni upepo. Aliyeweka maji alisema ni umande. Wewe unaniuzia kadi, unabandika chuma juu yake, unaniambia ni joto."

"Mzee, naapa kwa mama yangu..."

"Na yule wa jiwe aliapa kwa mama yake. Toa."

"Nikitoa itaungua!"

"Toa, tupime uzito halisi."

Thomasi alimtazama Milembe. Milembe akatazama dari. Alikuwa ameolewa miaka thelathini, na alijua kwamba mumewe akikaa vile, hata askofu hawezi kumwinua. Thomasi akatoa bisibisi. Chuma kikang'oka kwa mlio wa kunata, na chini yake kikaonekana kidude cheusi, laini, kinachong'aa, kisichozidi ukucha wa dole gumba.

Wakapima upya. Kadi mbili zilikuwa karibu uzito mmoja. Ile kubwa ilizidi kwa punje chache za mtama, ambazo Mayala aliziweka kwenye sahani moja moja, kwa haki.

"Umeona?" alisema, bila hasira. "Sasa ni safi. Nainunua hii."

"Kwa bei ya ndogo?" Thomasi aliuliza kwa hofu.

"Kwa bei yako. Mimi sikutafuta punguzo. Nilitafuta usafi."

Thomasi alipokea fedha za maksai wawili. Aliifunga kadi ndani ya kompyuta, akarudisha mfuniko, lakini kuiwasha akakataa katakata. "Mimi nina watoto," alisema. Akaondoka, akavuka barabara, na robo saa baadaye alikuwa amemuuzia Luhaga ile kadi ndogo. Chuma cha kupoza kilibaki mezani. Milembe aligundua kwamba mapezi yake yanakwangua magaga ya miguu vizuri kuliko jiwe, akakihamishia bafuni.

Jumapili ikafika. Misa ya pili ilikuwa fupi kuliko kawaida, na Januarius katekista, aliyesoma matangazo, aliruka tangazo la usafi wa makaburi. Saa nane kamili alisimama katikati ya barabara na fimbo mkononi. Alikuwa amechaguliwa kuwa mwamuzi kwa sababu kila Jumapili alihesabu waumini na hakuwahi kuongeza hata mmoja, hata alipoombwa na paroko.

Jenereta mbili zikanguruma kwa pamoja, zikitazamana. Watu wakatokea hospitalini, sokoni, gulioni, wengine juu ya baiskeli wakiwa bado na fulana zenye manyoya ya pamba. Kwanza waligawanyika nusu kwa nusu. Kwa Luhaga, wachezaji walikuwa na nyuso, na uwanja ulikuwa kama zulia. Watu wakasema, "Aaa."

Kisha Mayala akabonyeza.

Ikumbukwe kwamba hakuna mtu wa Somanda aliyewahi kuona kitu kile. Wachezaji walitoka na nyuso, na katika nyuso kulikuwa na vinyweleo, na kwenye kinyweleo kulikuwa na jasho. Majani ya uwanja yalipepea jani mojamoja. Mzee mmoja mfugaji alisogea mpaka pua ikagusa kioo, akasema kwamba malisho ya namna hii hajayaona tangu mvua za mwaka wa sabini na nane. Sauti ikavuka barabara, na watu wa Luhaga wakaanza kuvuka nayo. Mayala alikunja mikono kifuani. Milembe alishika pedi, akafunga bao la kwanza.

Utukufu huo ulidumu dakika mbili.

Dakika ya tatu pua ya golikipa ilianza kurefuka. Ilipita mstari wa penalti, ikapita duara la katikati, ikatoka nje ya uwanja. Mpira ukawa wa pembe nne. Majani yakageuka zambarau, jani mojamoja.

"Ni mbinu ya kocha," alisema Mayala.

"Baba Kija, ninanusa kitu," alisema Milembe, ambaye hata hivyo alifunga la pili kwa kupitisha mpira chini ya ile pua.

Ikaja milia. Ikaja harufu kama ya nywele zilizochomwa kwa kibiriti. Kisha kutoka nyuma ya kompyuta ukapanda moshi mweusi, mzito, ulionyooka. Jenereta ikazimwa, mtu akapiga yowe, na Mayala mwenyewe akachota mchanga nje kwa ndoo akaumwaga juu ya mashine. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kuona mchanga ukifanya kazi ya halali.

Moshi ni mwito mkubwa kuliko ngoma. Waliobaki kwa Luhaga walivuka wakikimbia, wengine na ndoo. Wakaja wa sokoni. Wakaja wagonjwa wenye nafuu na jamaa zao. Januarius alihesabu kwa fimbo, midomo ikicheza: kwa Mayala watu mia moja arobaini na saba. Kwa Luhaga kumi na mmoja, na kati yao mmoja alikuwa amelala.

Luhaga alisimama mlangoni kwake akipiga mapaja. "Wamefuata moshi! Katekista, hao wamefuata moshi!"

"Umati hauulizwi," alisema Januarius. "Ni sheria yenu wenyewe. Zimebaki saa nne jua lizame."

Mayala alikuwa na jambo moja tu la kufanya ili aliokoe banda lake: kunyamaza. Alinyamaza kwa muda mrefu wa kutosha kwa Milembe kufikiri kwamba ndoa ina matumaini. Kisha akapanda juu ya benchi.

"Ndugu zangu, mwadila."

"Mwadila, baba!" walijibu salamu ya alasiri.

"Wabeja kwa kuja. Lakini mimi sitaki ushindi wa mchanga."

"Baba Kija, shuka," alisema Milembe. "Umeshinda."

"Nimeshinda uzito ghafi. Sijui uzito halisi."

"Kompyuta imeungua kwa huo uzito wako halisi! Sasa unataka kuchoma na banda?"

Lakini alikuwa amekwisha kuchora mstari mchangani kwa kisigino. Kulia, alitangaza, watasimama waliofuata gemu: safi. Kushoto, waliofuata kitu kingine chochote: fifi. Kila mtu apite mbele yake ajibu swali moja. Milembe alimtazama, akafunga kitenge vizuri kiunoni, akaondoka zake bila kuaga.

Wa kwanza alikuwa mwanamke aliyebeba kilo mbili za chumvi. "Umefuata nini, mayu?"

"Nilifuata chumvi. Nikaona moshi."

"Fifi."

Wa pili alikuwa anatafuta mbuzi wake. Fifi. Wa tatu, kijana mwenye kofia, alijibu kwa kujiamini, "Gemu, mzee."

"Nani alikuwa anaongoza?"

Kijana akafikiri. "Yule... mwenye pua."

"Fifi!"

Umati ukaangua kicheko, na hapo ndipo jambo lenyewe lilipogeuka. Kwa sababu watu hawa walikuwa wamechambua pamba tangu utotoni na hakuna aliyewahi kuwachambua wao. Kila mmoja alitaka kujua. Mstari ukanyooka mpaka kwenye duka la mbolea. Mabibi wakakata rufaa.

"Mimi fifi? Mimi? Nimezaa watoto tisa na wote wana meno!"

"Bibi, ulifuata nini?"

"Nilimfuata huyu," akamwonyesha mumewe, "kuona anakokwenda Jumapili."

"Fifi. Na babu?"

"Nilikuwa namkimbia yeye," alisema babu.

"Fifi."

Wake walileta waume zao kutoka nyumbani wapimwe. Mwalimu mmoja aliomba apewe kwa maandishi. Kijana aliyekuwa amelala kwa Luhaga aliamka kwa kelele, akavuka, akapanga foleni, na waliobaki kumi wakamfuata mmoja mmoja, wakijifanya wananyoosha miguu. Mwishowe hata fundi wa jenereta ya Luhaga akavuka, mikono ikiwa na oili, kusikia kama yeye ni safi.

Hakuwa. Mpaka jua linagusa paa la hospitali, Mayala alikuwa amepima watu mia moja sabini na wawili, na upande wa kulia wa mstari hapakuwa na hata mmoja. Hata waliokuwapo tangu saa nane walikiri kwamba walifuata kuona ni mzee gani atashindwa. Jasho lilimtiririka, bila kivuli. Alijua hesabu inavyosema. Banda limekwenda.

"Anayefuata," alisema kwa sauti ya chini.

Aliyefuata alikuwa Luhaga.

Foleni nzima ikasogea kusikia. Luhaga alikuwa ameshika kofia mkononi na anaangalia vidole vyake vya miguu.

"Umefuata nini, Luhaga?"

"Majani," alisema Luhaga.

"Majani gani?"

"Thomasi aliniambia kadi yako inaonyesha jani mojamoja. Tangu saa nane nimekaa kwangu natamani kuvuka, nikaona aibu. Nilipotaka kuvuka, ikawa tayari moshi. Mayala, ngosha mwenzangu, yalikuwaje?"

Mayala akashuka kwenye benchi. "Yalipepea," alisema. "Kama mpunga wa bondeni kabla haujatoa mashuke. Ungeweza kuhesabu."

"Ungeweza kuhesabu," alirudia Luhaga, kama mtu anayeonja asali.

"Safi," alisema Mayala.

Luhaga akavuka mstari akasimama upande wa kulia, peke yake, amenyooka kama anayepokea komunyo ya kwanza. Wakati huohuo jua likazama, na Januarius akainua fimbo.

"Upande wa Mayala," alitangaza, "watu mia moja sabini na watatu, akiwemo mpinzani. Mshindi ni Mayala."

"Halisi ni mmoja!" Mayala alipinga. "Wengine wote ni..."

"Nyamaza, ngosha," alisema Luhaga. "Nimo humo ndani. Usinitoe. Twende nikakukabidhi kompyuta, kabla sijabadili moyo."

Wakavuka barabara, wazee wawili, katekista nyuma yao, na nyuma ya katekista safi na fifi wote wakiwa wamechanganyika. Jenereta ya Luhaga ilikuwa bado inanguruma. Luhaga alisukuma mlango.

Kwenye benchi la mbele, katika banda lisilo na mtu mwingine, alikaa Milembe na pedi mapajani, viatu amevivua. Kadi ya mbuzi watatu ilikuwa inachora zulia la kijani na wachezaji wenye nyuso za kawaida. Alikuwa anaongoza nne bila.

Januarius alitoa daftari lake akasahihisha. "Upande wa Luhaga, mtu mmoja."

"Mama Kija," alisema Mayala kwa upole, "umefuata nini huku?"

Milembe hakugeuka. "Utulivu," alisema, akafunga la tano. "Na huo mlango ufungwe, mnaingiza vumbi. Nani kati yenu anataka kuanza kufungwa?"

Mayala na Luhaga walitazamana. Kisha wote wawili, kwa mara ya kwanza tangu ujana wao, wakaanza kusukumana kuwania benchi moja.